FUNDI NYUMBANI: Kompresa na Jiwe la Kunolea

Barua iliyo mbele yetu wiki hii imeandikwa na mama mmoja aishiye katika kambi ya polisi. Mumewe ni sajini na fundi wa magari, naye atastaafu kabla ya mwaka kwisha. Wamejenga nyumba ndogo kando ya barabara, si mbali na mji wa Mbarara, na afande amekusudia kutumia sehemu ya kiinua mgongo chake kufungua karakana hapo nyumbani. Atajaza upepo magurudumu ya pikipiki na magari, ataziba pancha, na atawanolea wakulima majembe na mapanga. Tayari amekwisha kuchagua kompresa yenye tangi la lita 200, pamoja na mashine ya kunolea ya mezani, ile mafundi waiitayo grainda, yenye mawe makubwa kupita yote aliyoyaona dukani. Mama anauliza kama kubwa ndiyo bora, na kama watoto watakuwa salama. Anaongeza kuwa fedha hizo hazitakuja mara ya pili. Ametuomba tulifiche jina lake, kwa kuwa afande huusoma ukurasa huu. Basi tunawajibu wote wawili.

Tuanze na tangi, kwani ndilo lidanganyalo macho. Tangi halitengenezi upepo, huuhifadhi tu. Ukubwa wa mtungi haumpi mchota maji mbio za kwenda kisimani. Anayefanya kazi ni pampu, na swali la kumwuliza muuzaji ni hili: pampu hii hutoa lita ngapi za upepo kwa dakika, ikiwa inasukuma kwa nguvu ya kazi? Tahadhari, maana aghalabu hesabu huwa mbili. Moja ni ya upepo unaovutwa ndani, na nyingine ni ya upepo unaotoka, nayo hupungua kwa robo au theluthi, pengine zaidi. Ile kubwa ndiyo ipakwayo rangi nyekundu ubavuni mwa mashine.

Chukua mfano. Mota ya nguvu za farasi 2 ikiendesha pampu njema itatoa kiasi cha lita 150 hadi 200 kwa dakika. Tangi la lita 200 likijazwa hadi bari 8 limeshika lita 1,600 za upepo wa kawaida. Kwa hiyo mota hiyo itahangaika dakika nane, kumi au zaidi kabla ya tangi kujaa, huku ikizidi kupata moto. Ukilifunga tangi hilo kwenye pampu dhaifu, umenunua chuma kingi na upepo kidogo. Kwa kazi aliyoitaja afande, tangi la lita 50 latosha, na la lita 100 ni anasa ya halali.

Mambo hubadilika mtu akitaka kupaka magari rangi kwa bomba la kupulizia. Bomba la kawaida hula lita 200 hadi 350 kwa dakika bila kupumzika. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bari 8 hadi 6 limetoa lita 100 tu, yaani kazi ya nusu dakika. Hapo yatakiwa mota ya nguvu za farasi 3 au zaidi. Hatukuona habari ya rangi katika barua, na kwa maoni yetu afande asiinunulie mashine kazi ambayo hajaipata.

Jambo jingine ni nguvu ya mwisho ya msukumo. Gurudumu la pikipiki hutaka kiasi cha ratili 30 kwa inchi ya mraba, na la gari dogo halizidi sana hapo. Malori hutaka ratili 100 na zaidi. Kompresa ya bari 8 hukoma kwenye ratili 116, kwa hiyo gurudumu la lori italijaza kwa taabu, au isilimalize kabisa. Ikiwa malori ndiyo yatakayosimama mlangoni pake, na atafute pampu ya hatua mbili ifikayo bari 10 au 12, hata kama tangi litakuwa dogo.

Kisha akumbuke kuwa Mbarara iko meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na pampu hupoteza karibu sehemu moja katika saba ya kile ilichoandikiwa kiwandani. Aliye Kabale hupoteza zaidi. Mashine haina kosa, lakini mnunuzi hana budi kuacha nafasi hiyo katika hesabu yake.

Umeme ndio unaovunja karakana nyingi kabla hazijaanza. Mota ya nguvu za farasi 2 huvuta ampea 9 au 10 ikiwa katika mwendo, na wakati wa kuwaka huvuta mara tano ya hapo kwa muda mfupi. Ya nguvu za farasi 3 huvuta kiasi cha ampea 14, hali plagi zetu za kawaida zimetengenezwa kwa ampea 13. Hiyo yahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye sanduku la fyuzi, uliofungwa na fundi wa umeme mwenye leseni. Jenereta ndogo ya kilowati 2 haitaiwasha hata ile ya farasi 2. Wala usiivutie kompresa umeme kwa waya mwembamba wa meta 20, maana umeme hufika umechoka na mota huungua. Ukitaka kufika mbali, refusha mpira wa upepo na uuache waya mfupi.

Baina ya kompresa ya mkanda yenye mafuta na ile ndogo isiyotumia mafuta, sisi twapendelea ya mkanda. Huzunguka polepole, haipigi kelele sana, na vipuri vyake hupatikana Kampala. Ile nyingine ni nyepesi kubeba, lakini hupiga kelele za kumkosesha jirani usingizi, na pistoni yake haivumilii kazi ya kutwa.

Sasa tuje kwenye grainda, chombo ambacho watu hukinunua bila kufikiri kwa kuwa bei yake ni ndogo. Mwandishi wa safu hii, akiwa kijana katika karakana moja, aliliona jiwe likipasuka. Mwenzetu alikuwa amelifunga jiwe jipya bila kulipima, akawasha akiwa amesimama mbele yake. Kipande kilitoboa bati la paa. Kingine kilimpita sikioni. Tangu siku hiyo sijapata kusimama mbele ya jiwe linapowashwa.

Kwa umeme wetu wa mizunguko 50, mota ya grainda huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ukingo wa jiwe la inchi 6 hukimbia kiasi cha kilometa 80 kwa saa, na wa inchi 8 karibu 110. Kwa majembe, mapanga, tindo na keekee, inchi 6 yatosha. Chagua iliyo nzito, maana nyepesi hutetemeka na husimama ukikandamiza chuma. Dukani iwashe, kisha uizime na usikilize. Yenye beringi njema huendelea kuzunguka kwa muda mrefu, kwa sauti moja, bila kunguruma.

Kila jiwe limeandikwa mwisho wa mwendo wake. Hesabu hiyo isiwe chini ya ile ya mota. Kabla ya kulifunga, lining'inize kwa kidole na uligonge kidogo kwa mpini wa bisibisi wa mti. Zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Usizitupe karatasi nene za duara zilizo ubavuni mwake, kwani ndizo zinazogawa mkazo wa visahani vya chuma. Nati ya upande wa kushoto hufunguliwa kinyume, na wengi wameiharibu kwa kutojua. Egemeo la chombo liwe milimita 3 tu kutoka kwenye jiwe, lisije likameza ncha ya panga pamoja na kidole. Baada ya kufunga, simama kando, washa, na uache dakika moja nzima.

Shaba na aluminiamu usizinoe hapo, maana hujaza matundu ya jiwe, likapata moto na hata kupasuka. Panga lichovye majini mara kwa mara. Ukiona makali yamegeuka buluu, ugumu wa chuma umekwisha kuondoka, na mkulima atarudi kesho kulalamika. Glovu zisivaliwe kwenye grainda, kwa kuwa jiwe huzishika na kuuvuta mkono. Miwani ya kukinga macho ivaliwe hata kwa kazi ya nusu dakika.

Na watoto, mama? Karakana iwe na mlango na kufuli, na swichi kuu iwe juu kuliko mkono wao. Upepo usitumiwe kupuliza vumbi mwilini au nguoni, wala kwa mchezo, kwani huweza kupenya kwenye ngozi. Kila jioni fungua kizibo kilicho chini ya tangi umwage maji, maana hewa iliyobanwa huacha maji, na maji huleta kutu kutoka ndani, pasipoonekana. Vuta pete ya vali ya usalama mara kwa mara uone kama yapumua. Tangi lililotoboka haliungwi kwa kuchomelea, hutupwa.

Afande akipata mashine iliyokwisha kutumika, afungue kizibo hicho cha chini kabla ya kuuliza bei. Yakitoka maji mekundu mazito, na aondoke, hata kama mota yaimba vizuri. Fedha itakayobaki kutokana na tangi dogo inunue waya mnene, miwani miwili na jiliwa zito la kufunga mezani.