Divai Nzuri: Ya Kuwekwa au Ya Kushirikiana?



Wako matajiri wa Ulaya na wa Marekani wanaonunua divai nzuri, si kwa kuinywa, bali kwa kuiweka. Huijaza katika ghala chini ya nyumba, huzihesabu chupa kama mfugaji ahesabuvyo ng'ombe zake, nao hungoja bei ipande. Mwaka 2018, mjini New York, chupa moja tu ya Romanée-Conti ya mwaka 1945 iliuzwa kwa dola 558,000. Je, hiyo ndiyo kazi ya divai?

Kwanza tuwape haki yao. Kuweka divai si upumbavu. Divai nyekundu ya mashamba bora, kama yale ya Bordeaux, ikiwa changa huwa kali, hukausha ulimi. Ikilazwa gizani, mahali penye ubaridi, kizibo chake kikikaa na unyevu, ukali ule hupungua polepole na ladha mpya huzaliwa. Kazi hiyo yataka miaka kumi, pengine ishirini au zaidi. Mwenye kuifungua mapema apoteza jasho la mkulima.

Lakini divai nayo ina umri wake. Iliyo nyingi yafaa kunywewa katika miaka michache tu. Hata ile bora hufikia siku yake, kisha hufifia. Mwaka 1985, mjini London, chupa iliyosemwa kuwa ya mwaka 1787 ilinunuliwa kwa pauni 105,000. Ikawekwa chini ya taa ili watu waitazame. Joto la taa likakikausha kizibo, kikatumbukia ndani. Baadaye wengi walitia shaka hata umri wake. Mali kubwa namna ile, na haikumfurahisha mgeni hata mmoja mezani!

Sasa tutazame mji wa Beaune, katika Ufaransa. Mwaka 1443 Nicolas Rolin na mkewe, Guigone de Salins, walianzisha hospitali kwa ajili ya maskini. Wafadhili wakaizawadia mashamba ya mizabibu. Tangu mwaka 1859 divai yake huuzwa kwa mnada, ingali katika mapipa, na fedha zake husaidia kazi ya hospitali. Mnunuzi ataiweka miaka kadhaa. Lakini wagonjwa wamekwisha kupata fungu lao.

Tena kushirikiana hulinda kiasi. Chupa ya sentilita 75 hutoa bilauri ndogo sita. Mtu akizinywa peke yake, ni ulevi. Watu sita wakigawana, ni karamu.

Wazee husema: Mvumilivu hula mbivu. Hawakusema kwamba huzitazama mpaka zioze. Basi mwenye chupa nzuri na ajiulize maswali mawili: Itakomaa lini? Na siku hiyo nitamwalika nani? Asiyekuwa na jibu la swali la pili hana divai. Ana chupa tu.