MCHANGO SI HISA

Watu wa Rungwe hawana haja ya kufundishwa maana ya kuchangiana. Msiba ukitokea, kila nyumba hutoa chake, wala hapana aulizaye kitarudi lini. Leo kwangu, kesho kwako. Lakini siku hizi wako wafanya biashara wanaowaomba watu wengi, kwa njia ya simu, kila mmoja atoe kidogo ili wapate mtaji. Iwapo mtaji huo ni wa kiwanda kidogo cha bia hapo Tukuyu, twapenda kutoa onyo.

Kimpumu cha ulezi hupikwa nyumbani na kunywewa papo hapo. Bia ya chupa sivyo. Yataka mitambo, majokofu, kimea, na hopsi kutoka ng'ambo. Yataka kibali cha Shirika la Viwango, na ushuru ambao haungojei faida. Pipa moja likiharibika, mtaji umemwagika. Tena soko lina mwenyewe: kampuni ya TBL ina kiwanda chake Mbeya, mlango wa pili.

Wengi wanaikumbuka DECI, iliyoanguka mwaka 2009 na fedha za wanyonge. Ile haikuwa na kiwanda chochote. Lakini msomaji asidhani kwamba penye kiwanda cha kweli pana usalama. Fedha yaweza kupotea bila mtu kuiba hata senti.

Tena hasara si hatari pekee. Huko Uskoti kampuni ya bia ya BrewDog ilianza mwaka 2009 kuwauzia wanywaji wake hisa ndogo ndogo. Mwaka 2017 kampuni ya Marekani, TSG, ikaingia kwa hisa zenye haki ya kulipwa kwanza, na nyongeza ya asilimia 18 kila mwaka. Waliotangulia kutoa wakawa wa mwisho kulipwa.

Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 hairuhusu mtu kuwauzia watu wote hisa kwa maneno matupu. Lazima aandike hali ya biashara yake ipate kukaguliwa.

Basi, kabla ya kutoa fedha ya chai na ndizi, mkulima na aulize: Hii ni zawadi, mkopo, au hisa? Nani atalipwa kabla yangu? Nani atakagua hesabu? Asiyejibiwa kwa maandishi, fedha yake na ikae mfukoni. Kuuliza si kukosa undugu.