Video ya Familia Isipotelee Kwenye Diski

Chukulia familia moja ya Nyasura, mjini Bunda. Kwenye sendofu ya binti, bibi alishika kipaza sauti akampa mjukuu wake nasaha. Miezi michache baadaye bibi akafariki, na familia ikataka maneno yale yakatwe kwenye video ili wajukuu wote wayasikie.

Mpiga video alikuwa ametumia Mac, akawapa kazi yote kwenye diski ya nje. Kijana wa nyumbani anayejua kuhariri akaichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows. Badala ya video, kikatokea kidirisha kinachouliza: unataka kuifomati diski hii?

Mzazi, hapo ndipo familia nyingi hupoteza kumbukumbu zao. Kidirisha hicho hakimaanishi kuwa diski imeharibika. Mac hupanga diski kwa mfumo wake, kama APFS, ambao Windows haiusomi bila programu ya ziada. Ukikubali kufomati, unafuta. Bonyeza "Cancel", chomoa diski, kisha irudishe kwenye Mac ili video zinakiliwe kwenye diski nyingine.

Diski hiyo ya pili ifomatiwe kwa exFAT ikiwa bado tupu. Mfumo huo husomwa na kuandikwa na Mac na Windows. FAT32 nayo husomwa kote, lakini haipokei faili moja linalofika GB 4, na video ya sherehe hupita hapo kwa urahisi. NTFS ya Windows husomwa na Mac, ila Mac peke yake haiwezi kuandika ndani yake.

Tatizo la pili ni faili lenyewe. Kazi iliyohaririwa kwa Final Cut Pro haifunguki kwenye Windows, kwa kuwa programu hiyo haina toleo la Windows. Premiere Pro na DaVinci Resolve zipo pande zote mbili, lakini faili la mradi huwa halijabeba video ndani yake. Likihamishwa peke yake, kijana ataambiwa video hazionekani.

Kwa hiyo, kabla ya kumaliza malipo, mwombeni mpiga video vitu viwili: video iliyokamilika kwa MP4 aina ya H.264, na video zote za awali kwenye folda moja. Msikubali kutumiwa kama video ya kawaida ya WhatsApp, maana hubanwa na kupoteza ubora. Fungueni faili zote kwenye kompyuta ya nyumbani huku yeye bado anazo zake.

Mwisho, wekeni nakala mbili, kila moja kwenye nyumba yake, moja kwa wazazi na nyingine kwa shangazi au baba mdogo. Sherehe nyingine inaweza kufanyika. Bibi hatasimama tena kurudia nasaha zile.