Kikao Kwanza, Kamera Baadaye: Vitu vya Marehemu Si Maudhui ya Mtandaoni

Siku hizi ukifungua simu hukosi klipu ya mtu anapunguza vitu nyumbani. Staili ni ileile: chumba kimejaa hadi mlangoni, muziki wa taratibu unapiga, mhusika kavaa glavu, viroba vinapangwa barazani, halafu pap! Chumba cheupe, pazia jipya, maua ya plastiki mezani na maneno "ukurasa mpya". Laiki zinamiminika, watu wanaulizia bei ya pazia.

Kwa chumba chako mwenyewe ulichojaza viatu vya mtumba na chaja mbovu, safi kabisa. Tupa, gawa, uza, pumua. Ishu inaanza pale chumba kinapokuwa cha mama aliyefariki, nyumba ni ya familia, na anayetupa kaja kwa siku tatu tu, tiketi ya kurudi Dar iko mfukoni.

Hapo ndipo alipoingia dada mmoja maarufu mtandaoni, jina kapuni, mzaliwa wa Ifakara anayeuza nguo mjini. Baada ya arobaini ya mama yake alibaki nyumbani kwao Kibaoni na shoga yake wa kushika kamera. Siku mbili kazi imeisha. Magodoro ya sufi, nje. Vinu viwili, nje. Masufuria yaliyobonyea yakaenda kwa mnunua vyuma chakavu, yakapimwa kwa kilo. Masanduku ya bati yakafunguliwa, kanga na vitenge vikatiwa kwenye viroba, na makaratasi yote yakachomwa pamoja na majani ya mwembe nyuma ya nyumba. Klipu ikapanda, ikasambaa.

Wiki iliyofuata mama yake mdogo akaja kutoka Mngeta. Hakuja kugombana. Alikuja kuchukua kinu walichoachiwa na bibi, na kanga mbili alizoahidiwa na dada yake akiwa kitandani. Akakuta chumba cheupe. Inasemekana alisema neno moja tu: "Mwanangu, ungenipigia hata simu." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Siku chache baadaye mjomba akapiga simu kuulizia hati ya shamba. Kimya.

Kwenye komenti watu wakagawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Huku "ana laana huyo, kachoma mama yake mara ya pili". Kule "achaneni naye, vitu ni vitu, aliyekufa hapiki". Ukweli ni kwamba pande zote mbili zimepiga nje ya goli.

Tuanze kwa kumtetea

Wanaomtukana wengi hawajawahi kuuguza mtu. Mtoto anayekesha hospitali miezi kadhaa, anayelipa bili na kuomba ruhusa kwa wateja, akimaliza kuzika anabaki na nyumba ambayo kila kona inamkumbusha kikohozi. Wapo watu wanaosafisha ili wasilie. Na ndugu wengi, msiba ukiisha na matanga yakianuliwa, hupanda basi na kumwachia mmoja ufunguo, deni la luku na panya. Ndugu ambaye hakushika fagio asiwe wa kwanza kushika jiwe.

Halafu kurundika nako si heshima. Ipo familia nyingine Mlabani, nayo jina kapuni, ambayo baba alifariki zaidi ya miaka kumi iliyopita na chumba chake hakijaguswa. Baiskeli mbili za Phoenix zisizo na minyororo, redio tatu zilizokufa, matairi, makopo ya rangi, magunia ya nguo zilizoliwa na mende. Wajukuu wanalala sebuleni chini kwa sababu chumba ni cha "kumbukumbu ya mzee". Mzee mwenyewe angefufuka angeuliza kwa nini watoto wanalala chini.

Tena Ifakara ni mji ambao watu wake wameishi jirani na watafiti wa mbu tangu miaka ya 1950, ile maabara ya Waswisi ilipoanza pale, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Tairi au kopo linalokusanya maji ya mvua uani ni wodi ya uzazi ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, ileile iliyowalaza watu Dar mwaka 2014 na tena 2019. Kwa hiyo kusema "usiguse chochote cha marehemu" si mila. Ni uvivu uliovaa kanzu.

Wameiga glavu, wameacha utaratibu

Klipu nyingi za aina hii zinatokana na Marie Kondo, yule mama wa Kijapani ambaye kitabu chake kilitoka kwao mwishoni mwa 2010 na kipindi chake kikaingia Netflix Januari 2019. Njia yake inajulikana: kishike kitu mkononi, jiulize kama kinakupa furaha; kama hakikupi, kishukuru na ukiage. Swali zuri sana kwa blauzi.

Lakini wanaomwiga wameruka ukurasa. Kondo anapanga: nguo kwanza, kisha vitabu, kisha karatasi, kisha vikorokoro vya nyumbani, na vitu vya kumbukumbu anaviweka mwisho kabisa, wakati moyo umeshazoea kuamua. Huku kwetu mtu anaanza na sanduku la marehemu siku ya kwanza, tena mbele ya kamera. Na isisahaulike kwamba mwanzoni mwa 2023 Kondo mwenyewe, akiwa na watoto watatu, alikiri kwamba nyumba yake haiko nadhifu kama zamani. Maisha ndivyo yalivyo.

Kuna jambo kubwa zaidi. Swali la Kondo ni la umoja: kinakupa *wewe* furaha? Kwenye nyumba ya familia swali ni la wingi. Kinu kisichokupa furaha wewe unayekula chipsi mayai Sinza ndicho mama mdogo anachokihitaji Mngeta, mahali ambapo mpunga bado unatwangwa nyumbani ukiwa kidogo wa kula leo.

Bonde linajua kupunguza kuliko Netflix

Watu wa Kilombero hawahitaji kufundishwa kuishi na vitu vichache. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani na kukaa kwenye vibanda na madungu kwa miezi, kulinda mazao yasiliwe na ndege na nguruwe pori. Safari ile ni mtihani wa kila mwaka: unabeba nini? Sufuria, jembe, chandarua, chumvi, kiberiti, redio. Kisichopanda kwenye baiskeli au kichwani kinabaki.

Mtihani wa pili ni maji. Ifakara iko kwenye tambarare. Mto Lumemo ukifura mji unajua, na masika ya 2024 bonde zima lilionja. Waulize waliowahi kuamka usiku na kukuta maji yamefika kwenye kiti: kipi kilipandishwa darini kwanza? Hakuna atakayejibu "seti ya vikombe vya kabatini". Watakwambia: watoto, mchele, godoro, na ile bahasha ya karatasi.

Ile bahasha ndiyo iliyochomwa Kibaoni.

Makaratasi ni shamba lililokunjwa

Kati ya 2016 na 2019 serikali iliendesha programu ya kupima na kumilikisha ardhi za vijiji katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Watu wengi wakapewa hati ya hakimiliki ya kimila, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kwa wazee wengi hiyo ni karatasi moja yenye nguvu kuliko zote walizowahi kushika. Sasa mzee akipewa karatasi nzito hivyo anaiweka wapi? Hana kabati la ofisi. Anaikunja, anaitia kwenye mfuko wa nailoni, anaificha chini ya kanga kwenye sanduku, pamoja na cheti cha ubatizo, kadi za kliniki za watoto, risiti za ushirika na picha ndogo ya mtu ambaye hakuna anayemkumbuka.

Kwa macho ya mgeni hilo sanduku ni takataka. Kwa macho ya Bonde la Kilombero, ambako wakulima, wafugaji na wenye mitaji wote wanaitaka ardhi ileile ya mpunga, hilo sanduku ni ngome.

Kuchoma hati si mwisho wa dunia, kwa sababu usajili wake upo kwenye masijala ya ardhi. Ila ni nenda rudi: barua, ofisi ya kijiji, halmashauri, nauli, "njoo kesho". Na wakati nyie mnazunguka, kuna mtu tayari anasogeza mpaka kwa jembe.

Sheria nayo haijalala. Kwa utaratibu wa Mahakama ya Mwanzo, ukoo unakaa, unapendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama inamteua, na ndani ya miezi 4 anatakiwa kupeleka orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu. Sasa anaorodhesha nini kama viroba vimeshaondoka na gari la taka? Mpaka mgawo ufanyike, vitu vile si vya mwenye ufunguo wala mwenye wafuasi wengi. Ni vya warithi wote.

Vyombo ndio urithi wa wanawake

Hili ndilo komenti nyingi hazikuligusa. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamruhusu mwanamke kurithi, lakini ardhi ya ukoo anaitumia tu, hana ruhusa ya kuiuza. Mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu ilisema ubaguzi huo wa kuuza unapingana na Katiba. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 nayo inakataza mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Kwenye karatasi mambo yamesogea. Kwenye vikao vya ukoo, mara nyingi bado shamba linaelekea kwa kaka, na dada anaambiwa "chagua kwenye vyombo".

Kwa hiyo kinu, mitungi, masufuria, mikeka na kanga si mapambo. Kwa shangazi na mama wadogo wengi ndicho kitu pekee watakachoondoka nacho mkononi kutoka nyumba waliyokulia. Ukivipima kwa kilo kwa mnunua vyuma chakavu, umegawa mirathi bila kikao, na umewagawia wao sifuri. Yule mama mdogo aliyeomba maji hakulilia mti uliochongwa. Alikuwa anaondoka nyumbani kwa mama yake bila kitu.

Sasa ifanyikeje?

Kupunguza lazima. Ila kuwe na mpangilio ambao hata mwenye haraka anauweza.

Kwanza, karatasi. Kabla ya fagio, watu wawili au watatu wa pande tofauti za familia wakae sakafuni wapekue kila sanduku, kila mto, kila Biblia na kila Kurani. Hati, kadi ya benki, kadi ya mfuko wa jamii, mikataba, daftari la madeni, vyote vipigwe picha na vikabidhiwe msimamizi. Hapo kamera ina kazi ya maana.

Pili, walio hai. Itwa shangazi, mama wadogo, majirani waliokuwa wakichota maji pamoja naye. Kama hawawezi kuja, piga simu ya vidio, zungusha chumba, uliza: kuna kitu chako hapa? Kuna ulichoahidiwa? Nusu saa tu. Ni bando la mia tano dhidi ya chuki ya miaka ishirini.

Tatu, kumbukumbu. Kila mmoja achague kitu kimoja cha kutumia. Kanga ivaliwe, kisu kikate, kiti kikaliwe. Picha ziandikwe majina nyuma kabla wanaowajua hawajaisha. Kinachofungiwa stoo miaka kumi hakikumbukwi, kinaozeshwa.

Nne, ndipo takataka. Matairi, makopo, redio isiyo na moyo, godoro lililooza: toeni bila huruma wala maombi. Hapo weka muziki na ucheze.

Na kwa ambao wazazi wao bado wapo: msisubiri sanduku lifunguliwe na msiba. Kule Uswidi wana desturi ambayo mwandishi Margareta Magnusson aliitangaza duniani kwa kitabu chake cha 2017, kwamba mzee mwenyewe anapunguza vitu vyake akiwa hai ili asiwaachie watoto mzigo. Huku kwetu ukimgusia mama habari hizo atauliza kama unamchulia. Basi usiongelee kifo. Likizo ijayo kaa naye kwenye mkeka, mwombe akuoneshe sanduku lake na akusimulie kila kanga aliipata wapi. Akisimulia, mwenyewe atasema hii ya fulani, hii mpe fulani, hii kumbe bado ninayo, itupe.

Dada wa Kibaoni, kwa taarifa zilizopo, amefuta klipu. Inasemekana pia kwamba vinu viwili vimeonekana kwa jirani, na kimoja kimesharudishwa Mngeta kwa bodaboda. Hati bado inafuatiliwa. Anayetaka kumtukana amwache. Mwenye mzazi Ifakara, Mlimba au Mahenge apige simu leo aulize bahasha iko wapi.

Kwenu mdau, sanduku la mama lilifunguliwa na nani, na nani hakuitwa?