Uzamivu wa Kinyaturu si Njia ya Mkato

Mwanafunzi akisema pale Singida mjini kwamba anasomea shahada ya uzamivu katika isimu, na kwamba utafiti wake ni wa Kinyaturu, swali halichelewi: sasa unasoma nini hapo, na lugha umeinyonya kwa mama? Kwa wengi, daktari wa lugha ni mtu anayezungumza lugha sita, au aliyebobea katika Kiingereza. Anayerudi Ikungi au Iramba kuchunguza lugha ya nyumbani anaonekana amekwepa kazi ngumu. Nimeisikia dhana hii hata kwa wasomi, na naipinga.

Tuanze na masharti yenyewe. Baada ya shahada ya uzamili, mtahiniwa huandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya idara yake. Hutafuta kibali, na barua zikashuka kutoka chuo hadi mkoa, wilaya na halmashauri, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Hukusanya data, huandika tasnifu, tasnifu husomwa na watahini wa ndani na wa nje ya chuo, kisha mwenyewe huitwa kuitetea ana kwa ana. Kote huko hakuna anayehesabu lugha anazozungumza. Anaulizwa amegundua nini ambacho hakikujulikana, na ushahidi wake uko wapi.

Kuijua lugha hakujibu swali hilo. Kinyaturu, ambacho wataalamu hukiita pia Kirimi, ni lugha ya toni, na toni yake ina tabia ya ajabu: toni ya juu husikika silabi moja mbele ya ile inayoimiliki. Mama wa Ilongero anaitamka barabara kila siku bila kuwaza habari ya silabi, na hana sababu ya kuwaza. Mtafiti analazimika kuonyesha toni imetoka wapi, imehamia wapi, na ni mazingira gani yanayoizuia isihame. Hilo haliji kwa kukumbuka maneno ya utotoni. Linataka kitenzi kimoja kirekodiwe katika njeo zote, katika hali yakinishi na kanushi, kwa vinywa vya wazee na vijana, wa Ilongero na wa Ihanja.

Nakubali kwamba mzawa ana faida. Sikio lake ni jepesi, na wazee humkaribisha bila kumtilia shaka. Lakini ana hatari ambayo mgeni hana: hujiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, kisha akaandika jibu lake kama ndilo la Wanyaturu wote. Mtahini makini huliona hilo mapema sana.

Pia wapo waliotangulia, na sharti wasomwe. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri, alichapisha uchambuzi wa fonolojia na mofolojia ya Kirimi huko Hartford, Marekani, mwaka 1964. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Thilo Schadeberg aliandika kuhusu toni za vitenzi vya lugha hiyohiyo, na aliandika kwa Kijerumani. Hapo ndipo lugha za kigeni zinapomfaa mwanaisimu: asome waliyoandika wenzake, aweze kuwapinga.

Na kupinga ndiyo kazi. Ukitoka Singida kuelekea kaskazini hadi Munguli, wilayani Mkalama, utawakuta Wahadzabe. Lugha yao ina vidoko, na kwa sababu hiyo kubwa Joseph Greenberg, katika uainishaji wake wa lugha za Afrika wa mwaka 1963, aliiweka katika familia ya Khoisani pamoja na Kisandawe na lugha za kusini mwa bara. Bonny Sands alilipima dai hilo katika tasnifu yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1995. Alilinganisha ushahidi wa udugu huo, akaona hautoshi kukiunganisha Kihadza na lugha nyingine yoyote. Leo wanaisimu wengi wanakihesabu kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Imani ya miongo mitatu ilitikiswa kwa data ya lugha yenye wasemaji wanaokadiriwa kuwa kama elfu moja tu. Nani ataiita hiyo kazi nyepesi?

Wapo Watanzania pia. David Massamba alipata uzamivu Indiana mwaka 1982 kwa kuchunguza toni ya Ciruri, lugha ya Mara. Josephat Rugemalira alitunukiwa Berkeley mwaka 1993 kwa uchambuzi wa vitenzi vya Runyambo, lugha ya Karagwe. Vyuo hivyo havikuwashushia kipimo kwa sababu lugha ni ya kijijini. Viliwadai ushahidi uleule unaodaiwa kwa anayeandika juu ya Kifaransa.

Kwa hiyo, kijana wa Singida mwenye shahada ya uzamili anayesita kwa hofu ya kuchekwa, asisite. Kinyaturu, Kinyiramba, Kiisanzu na Kihadza vina maswali ya kutosha tasnifu nyingi, na baadhi ya wanaoweza kuyajibu ni wazee. Aandike pendekezo lake mwaka huu.