Mtungi Unaishia Magomeni

Mtungi mdogo wa oksijeni, ule unaowekwa kwenye machela, ukijaa una lita zisizofika 700. Mgonjwa wa lita 15 kwa dakika anaumaliza katika dakika 45 hivi. Gari la wagonjwa likitoka Sinza Mori, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, siku ya kazi, litakuwa limefika mjini?

Nimelipanda gari hilo. Shemeji yangu alikuwa kwenye mashine ya kupumulia katika hospitali moja binafsi. Wakamchomoa, nesi kijana akakabidhiwa ambu ya kubonyeza kwa mkono, barua ya rufaa ikatupwa mapajani mwangu, mlango ukafungwa. Barabara ya Shekilango ilikuwa imeganda kwa foleni. Nesi akabonyeza, mkono ukachoka, akahamia wa pili. Tulipofika, dada yangu, mke wa mgonjwa, akaulizwa: "Mmeambiwa kitanda kipo?"

Anaulizwa yeye! Aliyemtoa mgonjwa hakupiga simu hata moja.

Huko ni kumbwagia mwenzako mzigo mlangoni, kisha kuuita rufaa. Mtu hapungui kuwa mahututi kwa sababu yuko barabarani. Humo garini ndimo mrija wa kooni unamochomoka gari likiruka tuta, humo ndimo presha inamoporomoka bila wa kuiona, kwa kuwa hakuna kipimo wala aliyefunzwa kukisoma.

Wasituambie haiwezekani. Tangu 2022 mfumo wa m-mama unasambazwa nchini: mjamzito au kichanga akipata dharura, inapigwa 115, mratibu anatafuta gari, hata la dereva wa mtaani, na hospitali inayopokea inaarifiwa mapema. Vijiji vya Shinyanga vilikuwa na huduma hiyo kabla ya miji mingi. Sinza, yenye lami na hospitali kila upande, inashindwa nini? Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao serikali ilipata mwaka 2021 ulijenga vyumba vya dharura na vya mahututi, na nashukuru kwa hilo. Lakini kati ya chumba na chumba bado mgonjwa anaunganishwa kwa simu za ndugu wanaolia.

Wizara ya Afya itoe amri: mgonjwa wa mashine asivuke geti bila jina la daktari aliyekubali kumpokea, bila mhudumu anayeweza kurudisha mrija uliochomoka, bila oksijeni mara mbili ya muda wa safari, na muda huo uhesabiwe kwa foleni ya Magomeni. Hospitali itakayokaidi iadhibiwe. Na simu ya kutafuta kitanda apige daktari, si dada yangu.