Mama Mwalimu Akimbie, Lakini Nani Atabaki na Mtoto?

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji wa Moshi hujaa wakimbiaji. Tangu mwaka 2003 mbio za Marathoni ya Kilimanjaro zimewakusanya wenyeji na wageni: wanaokimbia kilomita 42, wanaokimbia 21, na wale wa kilomita 5 ambao huja kwa furaha zaidi kuliko kwa ushindani. Katika mbio za namna hii, hapa kwetu na kwingineko, utamkuta pia mwalimu wa kike ambaye nyumbani ana mtoto mchanga na mezani ana rundo la madaftari. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo, maana sifa tunazompa siku ya mashindano ni nyingi, lakini msaada tunaompa siku nyingine 364 ni haba mno.

Imezoeleka kusema kwamba mwanamke wa aina hiyo "anajua kupanga muda wake". Kauli hiyo husikika kama pongezi. Ukiichunguza utaona kuwa ni njia ya adabu ya kumwachia mzigo wote. Hebu tufanye hesabu ambayo mwalimu yeyote anaweza kuihakiki ubaoni.

Tuseme mwalimu anafundisha mikondo mitatu, na kila mkondo una wanafunzi 60. Hayo ni madaftari 180. Akitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, zoezi moja litamchukua muda wa saa 6 kulisahihisha. Sasa tuseme mwalimu huyohuyo anajiandaa kwa marathoni, naye anakimbia kilomita 55 kwa wiki, kwa mwendo wa dakika sita na nusu kila kilomita. Huo nao ni muda wa karibu saa 6. Kazi zote mbili hazimo katika ratiba ya vipindi. Zote mbili zinakatwa katika saa za nyumbani, na huko nyumbani yuko mtoto anayenyonya, kuna chakula cha kupikwa, maji ya kuchotwa na nguo za kufuliwa. Ndugu msomaji, hapo hakuna tena muda wa kupanga. Kuna muda wa kugawana tu.

Wako wanaodai kwamba mwili wa mwanamke, hasa aliyezaa, haukuumbwa kwa mbio ndefu. Kasumba hiyo ina historia. Mwaka 1928, katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800. Wakubwa wa michezo wakasema wameonekana kuchoka mno, na mbio hizo zikaondolewa hadi mwaka 1960. Wanaume walikimbia marathoni ya Olimpiki tangu mwaka 1896. Wanawake waliingojea miaka 88, hadi Los Angeles mwaka 1984. Wanaume waliopita kwenye utepe wakiwa hoi walikuwa wengi katika miaka hiyo yote, wala hakuna aliyependekeza kwamba kwa sababu hiyo wanaume wazuiwe.

Majibu yalitolewa barabarani. Mwaka 1978 Grete Waitz, mwalimu wa shule mjini Oslo, aliyezoea kufanya mazoezi alfajiri kabla ya vipindi, alikwenda New York akakimbia marathoni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alishinda upande wa wanawake kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 30, muda ambao mwanamke hakuwahi kuufikia kabla yake. Mwenzake wa Norway, Ingrid Kristiansen, alijifungua mtoto Agosti 1983, na Januari 1984 akashinda marathoni ya Houston. Mwaka 1985 huko London aliweka rekodi ya saa 2, dakika 21 na sekunde 6, nayo ilidumu hadi mwaka 1998 ilipovunjwa na Tegla Loroupe wa Kenya. Kutoka Kenya hiyohiyo, Mary Keitany, mama wa watoto wawili, alishinda London mwaka 2017 kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 1. Hapa kwetu, Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Suala la uwezo wa mwanamke, basi, limekwisha kuamuliwa.

Lakini tusijidanganye kwa mifano hiyo. Bingwa ambaye kazi yake ni mbio anaweza kukimbia asubuhi, akalala mchana, akakimbia tena jioni. Mwalimu wetu hukimbia saa 11 alfajiri na saa moja na nusu yuko mstarini na wanafunzi. Kwa hiyo kumwambia "mbona fulani ameweza" ni kumpima kwa mizani isiyo yake.

Tutazame sheria na mwili pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12 kamili. Wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza, katika mwongozo walioutoa mwaka 2019, walishauri kwamba mama asirudi kwenye kukimbia kabla ya kutimia miezi mitatu hivi tangu kujifungua, kwa kuwa misuli ya nyonga na tumbo huhitaji muda wa kupona. Maana yake ni nini? Ni kwamba siku ambayo mwili unaanza kumruhusu mama kukimbia ndiyo siku ambayo kengele ya shule inamwita darasani. Mambo matatu humwangukia kwa pamoja: kazi, mtoto na mazoezi. Sheria hiyohiyo ilimpa baba angalau siku 3 za likizo. Baada ya siku hizo tatu, wengi wetu tulio akina baba huamini kwamba tumekwisha kutimiza wajibu.

Hapo ndipo linapozuka suluhisho ambalo watumishi wengi hulikimbilia: kumchukua msichana wa kazi kutoka kijijini. Mama anapata nafasi ya kukimbia, baba anaendelea kulala, na binti wa watu anaamka saa kumi usiku kuwasha moto. Kuutoa mzigo kwenye bega la mwanamke aliyesoma na kuutwika kwenye bega la msichana maskini hakuwezi kuitwa mgawanyo wa kazi. Ikiwa nyumba inahitaji mtumishi, basi awe mtu mzima, alipwe mshahara wa haki na awe na saa za kupumzika. Uhuru wa mmoja usinunuliwe kwa utumwa wa mwingine.

Nini basi kifanyike? Kwanza, nyumbani. Baba achukue alfajiri tatu katika wiki kuwa zamu yake: aamke, ambembeleze mtoto, apike uji, awaandae wakubwa kwenda shule. Mama anaweza kumnyonyesha mtoto kabla ya kutoka, jambo ambalo humpa mtoto shibe na humpunguzia mama uzito wa kifua barabarani. Siku ya mbio ndefu, kilomita 30 humchukua zaidi ya saa 3, na akirudi anahitaji chakula na mapumziko. Anayenyonyesha na kukimbia anakula kwa ajili ya kazi mbili. Maharage, dagaa, mboga za majani na mayai visiwe vya baba na mabaki yake ndiyo yawe ya mama.

Pili, shuleni. Sheria niliyoitaja ilimtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Hiyo ni haki, wala mwalimu mkuu asiitoe kama zawadi kwa anaowapenda. Kupanga vipindi ili mama anayenyonyesha asipewe kile cha kwanza na cha mwisho siku moja hakuigharimu Serikali hata senti. Wenzake wanaweza kubadilishana naye zamu, naye akawalipa wakati wao ukifika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu, viongozi wa michezo. Tunayo mashindano ya watumishi, kama vile SHIMIWI, na walimu ndio wanaowaandaa watoto wetu kwa UMITASHUMTA na UMISSETA. Mwalimu anayekimbia ni kielelezo kwa binti wa darasa la sita kuliko hotuba kumi. Viongozi wakiweka mahali pa kivuli na usalama pa kuwaachia watoto siku ya mashindano, watawapata akina mama wengi ambao leo hubaki nyumbani.

Nne, mkimbiaji mwenyewe naye ana wajibu. Mwanafunzi hana kosa, kwa hiyo kipindi kisiibiwe kwa ajili ya mazoezi, wala mwalimu asisinzie mbele ya darasa kwa sababu ya kilomita za alfajiri. Maandalizi ya wiki 16 kwa mbio za mwisho wa Februari huanza mapema Novemba, wakati wa mitihani ya kufunga mwaka. Likizo ya Desemba husaidia, lakini kilele cha mazoezi huangukia mwishoni mwa Januari, shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa. Anayeona kwamba mwaka huu hesabu haitimii, akimbie kilomita 5, mwaka unaofuata 21, na 42 zimngoje. Barabara ya Moshi haitahama.

Wako watakaoniuliza kwa nini gazeti lijishughulishe na mbio za mwalimu mmoja ilhali madawati hayatoshi. Jibu langu ni kwamba mbio hizi ni kipimo. Taifa hili lilikwisha kutangaza, katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, kwamba afya ni jambo la kila mwananchi. Ikiwa mwanamke aliyesoma, mwenye mshahara na haki zilizoandikwa katika sheria, hawezi kupata saa 6 kwa wiki za kuutunza mwili wake bila kuomba radhi kwa kila mtu, basi ya yule mkulima asiye na likizo hata ya siku moja tutayasemaje?

Kwa hiyo, ndugu mtumishi, kabla ya kumpigia makofi mke wako au mwalimu mwenzako atakapovuka utepe, jiulize ni alfajiri ngapi ulizobaki wewe na mtoto. Kama jibu ni sifuri, makofi hayo yaweke. Kesho saa 11 alfajiri mtoto atalia, na nafasi ya kuamka bado ipo.